Nyota za mwezi huu ukiwa Uganda: jinsi ya kusoma habari za anga na kujipangia usiku wako

Kila mwezi ukianza habari za anga zinamiminika, mara vimondo vitanyesha, mara sayari mbili zitakaribiana, mara darubini fulani imeona kitu ambacho hakijawahi kuonekana, na watu wanatumiana kwenye WhatsApp usiku kucha. Shida ni moja, nyingi ya hizo habari zimeandikwa na watu wa Marekani na Ulaya kwa ajili ya wenzao wa huko, kwa hiyo saa ni za kwao, upande wa kutazama ni wa kwao, hata ushauri wa kuvaa koti zito na glavu ni wa kwao. Mtu wa Jinja au Arua akizifuata zilivyo anatoka nje saa ambayo kitu chenyewe hakijachomoza, anakodoa macho wee, anarudi kulala akisema mambo ya nyota ni uongo mtupu.

Si uongo jamani, zinahitaji kugeuzwa tu. Na ukishajua kuzigeuza utagundua sisi ndio tumependelewa, manake mstari wa ikweta unakata nchi yetu, pale Kayabwe barabara ya Masaka watu wanashuka kupiga picha, na mtu aliyesimama kwenye ule mstari ndani ya mwaka mmoja anaweza kuona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini. Mtu wa London hata akeshe mwaka mzima kundi la nyota la Salibu ya Kusini halioni. Sasa hapa naandika jinsi ya kuchukua habari yoyote ya mwezi na kuifanya iwe mpango wa usiku mmoja, hapa hapa kwetu.

Hatua ya 1: Kabla ya kitu chochote, tazama mwezi uko wapi

Usianze na sayari wala vimondo, anza na mwezi. Mwezi mpevu unaua kila kitu hafifu, Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga, inafutika, vimondo vidogo havionekani, wingu la nyota unalolitafuta kwa binokula linapotea. Na waandishi wa habari mara nyingi wanasahau kusema hivyo, wanakuambia tu usiku wa kilele ni tarehe fulani, basi.

Kama nyumbani au jirani kuna kalenda ya Kiislamu umeshamaliza kazi. Tarehe za mwanzo 1 mpaka 5 mwezi ni mchanga na unazama mapema, tarehe 14 na 15 ni mpevu na unachomoza jua likizama, alafu kuanzia hapo unachelewa kuchomoza kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo kufika tarehe 19 au 20 unachomoza saa nne au saa tano usiku na jioni yako yote ni giza safi. Tarehe 25 kwenda mbele unapata usiku karibu mzima. Zungushia hizo siku kwenye kalenda, ndio siku zako za kazi, zile zingine ni za kutazama mwezi wenyewe na sayari zinazong'aa ambazo hazijali mwanga.

Na usidharau mwezi mchanga. Kwetu huku ukionekana mara ya kwanza magharibi unalala chali kama mtumbwi, pembe zote mbili juu, wakati picha za Ulaya zinaonyesha umesimama wima. Ni kwa sababu njia ya mwezi na sayari hapa inapanda karibu wima kutoka upeo wa macho. Hilo lina faida nyingine kubwa, sayari Utaridi ambayo vitabu vya nje vinasema ni ngumu sana kuonekana, hapa inainuka vizuri juu ya miti na mtu anaiona bila taabu zile wiki inapokuwa mbali na jua. Ukisoma habari inasema Utaridi itakuwa chini sana na haifai kuhangaika nayo, wewe hangaika.

Hatua ya 2: Geuza saa

Habari za kisayansi zinatumia saa ya UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Uganda tuko mbele saa 3, kwa hiyo unajumlisha 3 unapata saa inayoonekana kwenye simu. Lakini ukitaka kupata saa yetu ya Kiswahili moja kwa moja kuna njia ya mkato, toa 3. Ndio, toa. 18:00 ya UTC ukitoa 3 ni 15, ukitoa 12 ni 3, basi ni saa tatu usiku. Jaribu na nyingine utaona inakubali.

Habari ikiwa na saa ya mashariki ya Marekani, wale wa New York, jumlisha saa 8, na wakati wao wa kiangazi jumlisha 7. Uingereza ni 3, kiangazi ni 2.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea tarehe pia. Kitu kikitokea saa 22:00 ya UTC tarehe 12, kwetu ni saa saba usiku na tarehe imeshageuka ni 13, kwa hiyo andika kwenye daftari "usiku wa kuamkia 13" ndio hautachanganyikiwa. Ukiandika tarehe tupu utakesha usiku ambao sio.

Tuchukue mfano wa kweli. Tarehe 28 Agosti 2026 kuna kupatwa kwa mwezi, kivuli cha dunia kinafunika asilimia kama 93 ya upana wa mwezi, na habari za nje zinasema kivuli kinaanza kuula mwezi karibu 02:34 UTC na kilele ni 04:13. Geuza. Mwanzo unakuwa saa kumi na moja na dakika 34 alfajiri, kilele saa moja na dakika 13 asubuhi. Lakini Kampala mwishoni mwa Agosti jua linachomoza kama saa kumi na mbili na dakika 45, na mwezi mpevu unazama jua linapochomoza, kwa hiyo kilele hatukioni kabisa, wakati huo mwezi umeshatuaga. Tunachopata sisi ni saa moja na kidogo ya kuona mwezi ukiliwa taratibu huku unashuka magharibi, na zaidi ya nusu yake imefunikwa kabla haujazama. Ni kitu kizuri mno, lakini unahitaji mahali ambapo magharibi pako wazi mpaka chini, bila jengo wala kilima, na hiyo hakuna habari ya nje itakayokuambia.

Linganisha na ule wa 7 Septemba 2025, ule ulituangukia sisi wenyewe, mwezi ulikuwa mwekundu dakika 82 kuanzia saa mbili na nusu usiku, hata watoto hawajalala.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kitu kitafika juu kiasi gani

Hii ndio hatua ninayoipenda kuliko zote na ndio inayorukwa sana. Kila nyota na kila kundi la nyota lina namba inayoitwa deklinesheni, inasema kitu kiko nyuzi ngapi kaskazini au kusini ya ikweta ya anga. Watu wa nchi nyingine inabidi wafanye hesabu na latitudo yao, sisi latitudo yetu ni karibu sifuri, kwa hiyo hesabu ni hii tu: 90 toa deklinesheni. Jibu ndio urefu wa juu kabisa kitu kitakaofika angani kwako. Nyuzi 90 ni utosini, nyuzi 0 ni upeo wa macho. Na ngumi yako ukinyoosha mkono ni kama nyuzi 10, kwa hiyo unapima kwa ngumi.

Salibu ya Kusini ina 60 kusini, 90 toa 60 ni 30, ngumi tatu juu ya upeo wa kusini. Kundi la nyota la Dubu Mkubwa lina kama 55 kaskazini, basi 35, ngumi tatu na nusu upande wa kaskazini. Na hawa wawili wanapita katikati ya anga karibu wakati mmoja! Mwisho wa Mei mpaka katikati ya Juni, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, simama ukitazama kusini uone Salibu, geuka nyuma uone Dubu Mkubwa amepinduka kichwa chini. Nchi chache sana duniani zinakupa hiyo. Nyota ya Kaskazini yenyewe iko 89, kwa hiyo nyuzi 1 tu, imekaa kwenye vumbi na miti, isahau, na mwongozo wowote unaokuambia "anza kwa kutafuta Nyota ya Kaskazini" uache hapo hapo.

Ukiwa Kidepo huko juu mpakani na Sudan Kusini ongeza au punguza kama nyuzi 4, Salibu inashuka kidogo na Dubu anapanda. Kwa Kampala, Entebbe, Masaka, Mbarara, hesabu inatosha ilivyo.

Kiini cha Njia Nyeupe kiko 29 kusini, upande wa kundi la Nge. Kwetu kinafika nyuzi 61, London kinafika 9 au 10. Yaani wenzetu wanakitazama kupitia ukungu na paa za nyumba, na picha zile nzuri za Njia Nyeupe unazoziona kwenye simu wengi wamesafiri mbali kuzipata, wewe Julai usiku wa giza huko Moroto au Kalangala unalala chali na iko juu yako.

Sasa vimondo, kwa sababu kila mwezi kuna habari ya vimondo. Utasoma "vimondo 100 kwa saa", hiyo namba ni ya anga jeusi kabisa na chanzo cha vimondo, yaani pale angani vinapoonekana kutokea, kikiwa utosini. Chanzo kikiwa chini unapata vichache. Wale wa Perseids, usiku wa kuamkia 13 Agosti, chanzo chao kiko 58 kaskazini, kwetu hakivuki nyuzi 32, hata alfajiri kikiwa juu kabisa unategemea kama nusu ya namba iliyotangazwa. Ulaya wanawashangilia sana, sisi ni wa kawaida tu. Geminids, kuamkia 14 Desemba, chanzo kiko 33 kaskazini, kinafika nyuzi 57 karibu saa tisa usiku, na wanaweza kufika 120 mpaka 150 kwa saa kwenye hesabu ile ya anga jeusi, na Desemba kwetu mvua inapungua, kwa hiyo kama una nguvu ya kukesha usiku mmoja tu kwa mwaka kesha huo. Alafu kuna Eta Aquariids, karibu 5 na 6 Mei, hawa Ulaya karibu hawawaoni wakati kwetu chanzo kiko karibu kabisa na ikweta ya anga, toka saa kumi na nusu alfajiri utazame mashariki. Ni vumbi lililoachwa na kometi ya Halley, na Oktoba tarehe 21 hivi tunapita tena kwenye vumbi lake, wanaitwa Orionids.

Hatua ya 4: Mvua, mawingu na mahali pa kukaa

Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba ni mvua, usijilaumu. Ila usiku baada ya mvua kubwa kukatika hewa imeoshwa, vumbi na moshi vimeshuka, nyota zinakuwa kali kuliko hata kiangazi, kwa hiyo msimu wa mvua weka vifaa karibu na mlango na uchungulie kila usiku. Kiangazi cha Desemba mpaka Februari kina mbingu wazi lakini kaskazini watu wanachoma nyasi na anga linakuwa na rangi ya maziwa karibu na upeo. Juni mpaka Agosti kwa maoni yangu ndio bora. Walio kando ya ziwa Victoria wanajua mawingu ya radi hujengeka ziwani usiku, kwa hiyo Entebbe unaweza kuwa na nyota juu na radi zinamulika upande wa kusini usiku mzima.

Kampala taa ni nyingi, ila sayari, mwezi na nyota kubwa zinaonekana hata ukiwa Ntinda. Umeme ukikatika mtaa mzima, toka nje mara moja kabla majenereta hayajawashwa. Kwa vitu hafifu inabidi utoke mjini, kijijini kwenu panatosha.

Usalama ni jambo la lazima. Mwambie mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, mapema kwamba usiku fulani mtakuwa uwanjani mnatazama nyota, umuonyeshe hata na hiyo darubini mchana, kwa sababu kundi la watu gizani na bomba refu linatazama juu linatia watu hofu na wana haki ya kuogopa. Usiende peke yako. Ukiwa ndani ya hifadhi ya wanyama baki kambini, usisogee hata hatua chache kwenda kutafuta giza zaidi. Vaa mikono mirefu sababu ya mbu, beba chai.

Macho yanahitaji kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza na simu moja ikiwashwa usoni unaanza upya. Funga tochi na kavera (mfuko wa plastiki) nyekundu mara mbili tatu, mwanga mwekundu hausumbui macho sana, na skrini ya simu ipunguze mpaka mwisho.

Hatua ya 5: Vifaa

Macho yako kwanza. Alafu programu ya Stellarium kwenye simu, inayokuchorea anga, ya bure inatosha, weka mahali ulipo na saa, na ujifunze kusogeza saa mbele ili uone anga la saa kumi usiku ukiwa umekaa sebuleni saa moja jioni. Ukishaipakua mambo mengi inafanya bila data.

Pesa ikipatikana nunua binokula kabla ya darubini. Tafuta iliyoandikwa 7x50 au 10x50, namba ya kwanza ni inakuza mara ngapi na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na hicho kioo ndicho kinachokusanya mwanga. Kwenye mitumba zinapatikana, zijaribu kwa kutazama bango la mbali, ukiona herufi mbili mbili achana nayo. Egemeza viwiko ukutani au kwenye boneti ya gari, tazama sayari Mshtarii (Jupita), utaona vidoti vinne vimejipanga pembeni, hiyo ndio miezi ambayo Galileo aliiona Januari 1610, na kesho yake ukirudi vimebadilisha nafasi. Tazama Kilimia Desemba na Januari, macho matupu yanaona nyota sita saba, binokula inaonyesha makumi.

Darubini za boksi lenye picha za galaksi zilizoandikwa "inakuza mara 525" usinunue. Kanuni ni kwamba ukuzaji unaofaa hauzidi mara mbili ya upana wa kioo kwa milimita, kwa hiyo ya milimita 60 mwisho wake ni kama mara 120, zaidi ya hapo unakuza ukungu.

Jua usilitazame kwa kifaa chochote bila kichujio cha kufunga mbele ya kioo. Kupatwa kwa jua tunakukumbuka, 3 Novemba 2013 kule Pakwach jua lilifunikwa lote kwa sekunde chache na watu walisafiri kutoka kila pembe ya dunia. Kwingine kwa kungojea ni 2 Agosti 2027, kivuli kamili kitapita Hispania, Afrika Kaskazini, Misri, Saudi Arabia, Yemen mpaka Somalia, karibu na Luxor giza litakaa zaidi ya dakika 6, sisi tutaona jua limemegwa sehemu tu, na kwa sababu ni sehemu tu hakuna hata sekunde moja salama ya kutazama kwa macho matupu. Miwani yenye alama ya ISO 12312-2, hiyo tu. Beseni la maji, filamu ya eksrei, kioo cha moshi, hapana, hata kama babu alitumia. Kama hauna miwani chukua chujio la jikoni lenye matundu uliweke juani juu ya karatasi nyeupe, kila tundu litachora jua dogo lililomegwa, au simama chini ya mwembe utazame ardhini, mianya ya majani inafanya kazi hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Chuja habari za utafiti

Hapa ndio uwanja wenye miba. Ukipata habari jiulize kwanza, hiki ni kitu cha kuona kwa macho au ni picha ya chombo? Picha za darubini ya James Webb, iliyorushwa 25 Desemba 2021 na inayokaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, zinapigwa kwa mwanga wa infraredi ambao jicho la mtu haliuoni kabisa, rangi zimewekwa baadaye ili tofauti zionekane. Sio udanganyifu, ni ramani. Lakini usimwahidi mtoto kwamba kwa binokula ataona hivyo.

Pili, kuna neno "huenda"? Aprili 2025 watafiti wa Cambridge walisema huenda wameona kwenye hewa ya sayari K2-18b, miaka nuru 124 kutoka hapa, dalili ya kemikali ambayo duniani hutengenezwa na viumbe vya baharini. Vichwa vya habari vikalia "uhai umepatikana". Wenyewe walisema ushahidi haujafika kiwango kinachotakiwa, na wataalamu wengine walipopiga hesabu upya na data hiyo hiyo wakasema dalili ni dhaifu. Kwa hiyo habari ya namna hii iandike kwenye daftari lako na alama ya kuuliza, uache nafasi chini yake, urudi baada ya miezi sita kuona wengine wamesemaje. Hilo daftari ndio litakufundisha kuliko kitu kingine.

Tatu, asilimia za kugongwa na asteroidi, yale mawe makubwa yanayozunguka jua. 2024 YR4 iligunduliwa 27 Desemba 2024, kufika Februari 2025 uwezekano wa kuigonga dunia 22 Desemba 2032 ukapanda mpaka kama asilimia 3.1, watu wakaogopa, alafu ndani ya siku chache ukaporomoka karibu na sifuri. Wengine wakasema wanasayansi wanaficha. Hawakuficha kitu, hesabu inakwenda hivyo: mwanzoni njia yake inajulikana kwa upana mkubwa na dunia imo ndani ya huo upana, kila kipimo kipya kinapunguza upana, dunia bado imo ndani kwa hiyo asilimia inapanda, mpaka siku upana unakuwa mwembamba kiasi dunia inabaki nje na asilimia inaanguka ghafla. Ukielewa hilo hautakosa usingizi tena kwa habari za aina hii.

Nne, uvumi wa WhatsApp unaorudi kila mwaka, manake huo ndio unasomwa kuliko habari za kweli. "Mirihi itakuwa kubwa kama mwezi" inazunguka kila Agosti tangu 2003, mwaka ule Mirihi ilikaribia kweli, kilomita milioni 55.76, lakini hata hapo upana wake kwa macho ulikuwa mdogo kuliko mwezi mara 70 na zaidi. "Dunia nzima itakuwa giza dakika sita tarehe 2 Agosti 2025", hapo mtu alichukua kupatwa kwa 2027 akabadilisha mwaka na kuongeza dunia nzima. Sayari "kupangana mstari" sio ajabu, siku zote zinatembea karibu na njia ile ile ya jua, kinachobadilika ni ngapi ziko juu kwa wakati mmoja. Na mstari wa taa unaotembea kimya baada ya jua kuzama ni setilaiti za Starlink zilizotoka kurushwa.

Na kometi 3I/ATLAS, iliyogunduliwa 1 Julai 2025 na darubini iliyoko Chile, ni kitu cha tatu kujulikana kutoka nje kabisa ya mfumo wetu wa jua, baada ya 'Oumuamua ya 2017 na Borisov ya 2019. Hilo peke yake ni kubwa sana, halihitaji kuongezewa chombo cha viumbe wageni. Ilikuwa na gesi na vumbi vinavyoizunguka kama kometi, na siku ilipoikaribia dunia zaidi, 19 Desemba 2025, ilikuwa kilomita kama milioni 270 kutoka kwetu.

Hizi kazi sio za mbali sana pia. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kina wanaastrofizikia wanaofundisha na kutafiti, na setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilijengwa na vijana wetu watatu waliosomea Japani, ikarushwa Novemba 2022. Mwanafunzi wa kidato anayeuliza njia iko wapi, mwelekeze Mbarara.

Hatua ya 7: Andika, na uripoti

Kila usiku andika tarehe, saa, mahali, hali ya anga, ulichoona. Tumia na nyota inayoitwa Betelgeuse, ile nyekundu kwenye bega la kundi la Jabari (Orion), uilinganishe na Aldebaran iliyo karibu na Kilimia, ipi inang'aa zaidi leo. Mwishoni mwa 2019 mpaka mwanzo wa 2020 Betelgeuse ilififia mpaka watu wa macho matupu wakaona tofauti, baadaye ikaeleweka ni wingu la vumbi ililolitoa yenyewe. Shirika la AAVSO, la kufuatilia nyota zinazobadilika mwanga, tangu 1911 linapokea vipimo vya watu wa kawaida kama wewe, na kutoka Afrika ya ikweta vipimo vinahitajika kwa sababu tunaona pande zote mbili.

Kimondo kikubwa kikipita na mwanga mkali andika haraka: kilianzia juu ya nini, kikaishia juu ya nini, sekunde ngapi, na kama ulisikia mngurumo ni baada ya dakika ngapi. Mngurumo ni muhimu, unaonyesha kilishuka chini na huenda mawe yamefika ardhini. Mbale tunaijua hiyo, 14 Agosti 1992 mawe yalianguka mjini na vijijini, jumla kama kilo 150 ziliokotwa, na kijiwe kimoja cha gramu chache kiligonga majani ya mgomba kwanza kikamwangukia kijana kichwani bila kumuumiza. Ukikuta jiwe jeusi lenye ganda kama limechomwa, zito kuliko ukubwa wake na sumaku inalivuta, lipige picha hapo hapo lilipo na kitu cha kuonyesha ukubwa, lifunge kwenye karatasi safi, usilioshe, usilivunje, upeleke taarifa chuoni. Mwanga wenyewe uripoti kwa International Meteor Organization, fomu iko kwenye intaneti na haimalizi dakika kumi.

Na kama unataka zoezi moja la kufanya hizi hatua zote pamoja, chukua asteroidi Apophis. Ina upana wa mita 340 hivi, tarehe 13 Aprili 2029 itapita kama kilomita 32,000 kutoka juu ya ardhi, chini ya setilaiti za televisheni, haitatugonga, hilo limeshapimwa, na itaonekana kwa macho matupu kutoka Afrika, Ulaya na magharibi ya Asia. Itakuwa karibu zaidi 21:46 UTC. Toa 3, geuza tarehe, alafu kumbuka Aprili ni mvua, kwa hiyo anza sasa kutafuta marafiki wawili watatu walio mikoa tofauti, mmoja Karamoja, mmoja Mbarara, mmoja visiwani, ili siku ikifika mnapigiana simu jioni mjue anga liko wazi wapi na nani anasafiri.